Sokwe Mtoto na Sokwe Mzima: Kuhusu Vitabu Viwili vya Gombe

Kuna vitabu viwili vya mwandishi mmoja ambavyo, katika miaka yangu yote ya ualimu, nimeona havitendewi haki. Cha kwanza husifiwa na wengi waliokisoma, na wengi zaidi ambao hawakukisoma. Cha pili huachwa rafuni kikashika vumbi. Vyote viwili viliandikwa na Jane Goodall, mwanamke wa Kiingereza aliyefika Gombe, mkoani Kigoma, tarehe 14 Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, na ambaye alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kitabu cha kwanza, In the Shadow of Man, yaani katika kivuli cha binadamu, kilitoka mwaka 1971. Cha pili, Through a Window, yaani kupitia dirishani, kilitoka mwaka 1990. Hoja yangu katika kurasa hizi ni moja tu: aliyesoma cha kwanza bila cha pili amesoma nusu ya habari, na nusu hiyo ikiwa peke yake inaweza kumpotosha, na hata kumdhuru.

Msomaji ataniuliza, mzee wa Sumbawanga ana habari gani na sokwe? Swali ni la haki. Uwanda wetu wa Ufipa ni nchi ya nyasi, upepo na baridi. Mtoto wa hapa anamjua nyani na tumbili kwa sababu wanakula mahindi ya baba yake. Akibahatika kupanda milima ya Mbizi atamwona mbega mwekundu juu ya miti. Sokwe hamjui, isipokuwa katika picha. Lakini ukiteremka magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika, mambo hubadilika. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kijapani waliandika kwamba katika misitu ya mto Lwazi, upande wa Nkasi, wapo sokwe, na kwamba hao ndio wa kusini kabisa kwa upande wa Tanzania. Tena, kabla mkoa wetu haujagawanywa mwaka 2012 na Mpanda kuingia mkoa mpya wa Katavi, misitu ya sokwe ya Ntakata nayo ilikuwa Rukwa. Na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako watoto wa sokwe hukamatwa na kuuzwa. Kwa hiyo sokwe ni jirani yetu, ingawa ni jirani ambaye wengi wetu hatujapata kumwona uso kwa uso. Jirani wa namna hiyo ndiye hasa anayehitaji kuelezwa kwa ukamilifu, maana hatuna macho yetu wenyewe ya kusahihisha maneno ya watu.

Nianze na sifa za kitabu cha kwanza, maana ni nyingi na sipendi kumpunja mtu haki yake. Kabla ya Goodall, elimu ya sokwe kwa sehemu kubwa ilikuwa ni elimu ya mnyama aliyefungwa au aliyeuawa. Yeye alikaa msituni kwa miezi, akasubiri. Mwaka ule ule wa 1960 akamwona dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akichokoa mchwa kichuguuni kwa majani na vijiti. Habari hiyo iliwalazimisha wataalamu wafikiri upya juu ya usemi wao kwamba binadamu peke yake ndiye mtengeneza zana. Ameandika kwa lugha nyepesi ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifuata akiwa na kamusi karibu. Amewapa sokwe majina badala ya namba, na kwa njia hiyo msomaji anaona kwamba kila mmoja ana tabia yake. Mama mzee Flo, mwanawe wa kike Fifi na mwanawe wa kiume Flint, hao wanabaki kichwani kama watu wa hadithi nzuri.

Na hapo ndipo ninapoanza kuwa na mashaka. Iko picha moja, iliyopigwa na Hugo van Lawick, aliyekuwa mume wa Goodall wakati huo. Flint, akiwa bado mtoto, ananyoosha mkono wake mdogo kuelekea mkono wa mama yule wa Kizungu, naye anaunyoosha wa kwake. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Nimeiona katika magazeti, katika kalenda, na hata imebandikwa ukutani na walimu wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Ni picha nzuri, wala sisemi kwamba ni ya uongo. Jambo lile lilitokea. Tatizo lake ni lile la picha zote za watoto: inasimamisha saa. Flint wa pichani hakui. Sokwe halisi hukua, na kazi ya kukua haimchukui muda mrefu.

Kitabu chenyewe kina hekima kuliko picha yake, na msomaji makini ataona. Goodall alijifungua mtoto wa kiume mwaka 1967. Katika kitabu hicho hicho cha upole anaeleza kwamba mtoto wake alipokuwa mdogo pale Gombe walimweka ndani ya uzio wa wavu, kwa sababu sokwe huwinda, na kwa sababu alikuwa amesikia habari za watoto wachanga wa binadamu waliowahi kunyakuliwa na sokwe katika sehemu zile. Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Mwanamke aliyewapenda sokwe kuliko yeyote, na aliyewafahamu kuliko yeyote, alimweka mwanawe kizuizini ili wasimfikie. Nimewauliza walimu wengi waliokisoma kitabu hicho kama wanaukumbuka uzio ule. Wanakumbuka mkono wa Flint. Uzio hawaukumbuki.

Jambo la pili ambalo msomaji wa haraka hulipita ni ndizi. David Greybeard alipoanza kuja kambini, alipewa ndizi. Wakaja wengine, na baada ya muda pakawa na mahali maalumu pa kulishia, na masanduku ya kufungia ndizi. Goodall haifichi habari hii, na anakiri kwamba mahali pale palizidisha ugomvi baina ya sokwe wenyewe, na baina yao na nyani. Utaratibu ule ulipunguzwa baadaye, na hatimaye ukaachwa. Lakini angalia ulichofanya: uliwafundisha wanyama wa porini kwamba binadamu si wa kuogopwa, tena ana kitu cha kuchukuliwa.

Sasa tuje kwenye kitabu cha pili. Miaka 19 imepita. Mwandishi ni yule yule, mahali ni pale pale, familia ni zile zile. Lakini Flo amekufa, mwaka 1972, na Flint, aliyeshindwa kuishi bila mama yake, amekufa majuma machache baadaye. Fifi amekuwa mama. Na yametokea mambo ambayo kitabu cha kwanza hakikuyatazamia. Kundi la Kasakela limegawanyika, na waliojitenga wamehamia kusini katika bonde la Kahama. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1978 madume wa Kasakela waliwawinda wale waliokuwa ndugu zao, mmoja baada ya mwingine, mpaka kundi la Kahama likatoweka. Katika miaka hiyo hiyo jike mmoja aliyeitwa Passion, pamoja na binti yake Pom, waliwanyang'anya majike wenzao watoto wachanga na kuwala.

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni kwamba mwandishi hakugeuza uso. Angeweza kuyapunguza makali. Wapo waliomshauri asiyatangaze. Yeye aliyaandika bila kumtukana mnyama na bila kumtetea. Passion wake si mchawi wala shetani. Ni sokwe aliyefanya jambo ambalo sokwe anaweza kulifanya. Wapo waliodai baadaye kwamba ukatili ule ulisababishwa na ndizi za kambini. Hoja hiyo ilipimwa. Mwaka 2014 watafiti wengi kwa pamoja walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya mauaji katika makundi 18 ya sokwe sehemu mbalimbali za Afrika, nao wakaona kwamba kuingiliwa na binadamu hakuelezi nani anaua na nani haui. Ugomvi wa sokwe ni wa sokwe mwenyewe. Ndizi zina lawama nyingine, nitakayoifikia.

Sifa ya pili ya kitabu hiki yatuhusu sisi Watanzania. Shambulio la kwanza la vita vile, alipouawa dume aliyeitwa Godi mwezi Januari 1974, lilishuhudiwa na Hilali Matama, mfanyakazi wa utafiti, Mtanzania. Mwaka 1975 wanafunzi wanne wa kigeni walitekwa nyara Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, na baada ya hapo ni wafanyakazi Watanzania walioendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika. Kwa hiyo habari za sokwe mzima, sokwe anayepigana, kwa sehemu kubwa zimetoka katika macho na madaftari ya watu wa Kigoma. Katika kitabu cha kwanza watu wa mahali pale wanapita kama kivuli. Wanabeba mizigo, wanapika, wanaongoza njia. Katika cha pili wanatazama na kushuhudia. Ningependa wapewe nafasi kubwa zaidi ya ile waliyopewa, na hilo nalihesabu kuwa upungufu. Hata hivyo ni hatua.

Kuna upungufu mwingine, ambao si wa mwandishi peke yake. Kitabu kilitoka mwaka 1990, nacho hakikuweza kusema yaliyotokea baadaye. Mmoja wa wana wa Fifi, yaani mjukuu wa Flo, ni Frodo, aliyezaliwa mwaka 1976. Alikua kati ya watafiti tangu utoto wake, bila kuwahofu hata kidogo. Akawa dume mkubwa wa mwili kuliko wenzake, mwindaji hodari wa mbega wekundu, na mwenye tabia ya kuwapiga na kuwaburuta watu, Goodall mwenyewe akiwamo. Mwezi Mei 2002, ndani ya hifadhi, alimnyakua mtoto wa binadamu wa miezi 14 kutoka kwa aliyembeba, akamuua. Frodo hakuuawa, aliishi mpaka mwaka 2013.

Hapa ndipo lawama ya ndizi inapokuja. Frodo hakuwa na chuki na binadamu. Alifanya kwa mtoto yule kile alichokifanya kwa watoto wa mbega kila mwaka. Kilichokosekana ni ukuta. Sokwe wa porini ambaye hajazoezwa humkimbia mtu, na kwa kumkimbia hujiokoa yeye na kumwokoa mtu. Woga ule ndio ukuta wenyewe, na ukuta huo ukishabomolewa, awe ameubomoa mtafiti kwa nia njema au mfanyabiashara kwa nia mbaya, haujengeki tena. Wahenga wetu wakulima walilijua hili waliposema kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. Watu hudhani methali hiyo inamdharau nyani. Kwangu mimi inamheshimu. Yasema: mjue ni nani, na ukae naye kwa kiasi.

Ukitaka kuona ukuta huo ulivyobomolewa kabisa, uwatazame sokwe wa kufugwa. Katika chuo cha ualimu tulifundisha somo la saikolojia ya mtoto, na jaribio la Kellogg na mkewe, Wamarekani, lilikuwa miongoni mwa mifano yetu. Mwaka 1931 walimchukua mtoto wa sokwe wa kike, Gua, wakamlea pamoja na mtoto wao wa kiume kana kwamba ni ndugu. Jaribio lilikoma baada ya miezi tisa. Sokwe hakujifunza kusema. Mtoto wa mtu ndiye aliyeanza kuiga sauti za sokwe. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka hapo, nami nikiwaacha wacheke kwanza. Kisha nikiwauliza: kwa nini miezi tisa, kwa nini si miaka tisa?

Jibu la swali hilo lilitoka katika nyumba nyingine ya Kimarekani. Sokwe wa kike, Lucy, alilelewa tangu utoto na mwanasaikolojia Maurice Temerlin na mkewe huko Oklahoma. Alikula mezani, alijua ishara nyingi za mikono, alijipikia chai. Temerlin aliandika kitabu kumhusu mwaka 1975, Lucy: Growing Up Human, na jina lenyewe ladai kwamba amekua kuwa mtu. Lakini alipokomaa, nyumba haikumtosha tena. Mwaka 1977 alipelekwa Gambia, akafundishwe kuwa sokwe, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha akiwa mdogo. Mwaka 1987 ilikutwa mifupa yake. Kitabu cha Temerlin kilichapwa kabla ya mwisho huo, na kwa sababu hiyo nacho ni kitabu cha nusu.

Na bado Lucy hakumla mtu uso. Mwezi Februari 2009, katika mji wa Stamford, jimbo la Connecticut, sokwe aliyeitwa Travis, aliyelelewa nyumbani tangu uchanga na kuonyeshwa katika matangazo ya televisheni, alimshambulia rafiki wa mwenye nyumba, mwanamke aliyekuwa akimfahamu kwa miaka mingi. Mwanamke huyo alipoteza mikono, macho na sehemu kubwa ya uso wake. Polisi walimpiga Travis risasi akafa. Watu husema sokwe ana nguvu mara tano ya mtu. Hilo limetiwa chumvi; utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba ni karibu mara moja na nusu kwa uzito ulio sawa. Lakini mtu apiganaye naye hana meno yale, wala miguu inayoshika kama mikono, wala hajui kwamba sokwe agombanapo na mwenzake hulenga vidole, uso na sehemu za siri.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Tanzania inayo Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa kisiwani humo sokwe 17 waliokuwa wamefungwa Ulaya katika bustani za wanyama na sarakasi, wakaachiliwa. Wazo lilikuwa la huruma, na kwa upande mmoja lilifaulu: wajukuu wao wapo hadi leo, nao wanaishi kama sokwe wa porini. Lakini wale wa kwanza, waliolelewa na watu, hawakuwaogopa watu. Baadhi ya madume walishambulia, na wawili wakapigwa risasi. Angalia tofauti ya vizazi: wajukuu waliozaliwa msituni wanamkimbia binadamu, ilhali mababu waliomzoea ndio walioishia kuuawa.

Nimesema mwanzoni kwamba kusoma nusu kunaweza kumdhuru mtu. Nitoe mfano ulio karibu. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu, mfanyabiashara wa dagaa kule mwambao wa ziwa, alinipigia simu usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kwema huko?"

"Kwema tu. Mjomba, wewe ndiye msomaji wetu, nataka ushauri. Kuna jamaa amekuja na mtumbwi kutoka ng'ambo, ana mtoto wa sokwe. Anauza. Watoto hapa nyumbani wamempenda, anawakumbatia kama mtu."

Nilimuuliza swali moja: mama yake yuko wapi? Akanyamaza. Hakuwa amelifikiria. Nikamweleza kwamba sokwe hunyonya kwa muda wa miaka kama mitano, hambwagi mtoto wake, wala hamkabidhi mtu. Anayekuja na mtoto wa sokwe amepita juu ya maiti ya mama yake, na pengine ya wengine waliojaribu kumtetea. Nikamweleza kwamba kumnunua ni kosa mbele ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Nikamweleza pia kwamba yule anayewakumbatia watoto wake leo atakuwa na nguvu za kuwavunja mikono kabla mdogo wao hajamaliza darasa la saba, na kwamba anaweza kuishi miaka 40 au 50, hivi kwamba hata wajukuu watamrithi pamoja na minyororo yake. Alimkataa. Asubuhi alikwenda kutoa taarifa kwa bwana nyama, lakini mtumbwi ulikuwa umeshaondoka.

Mpwa wangu si mjinga, wala si katili. Alikuwa ameona picha. Katika maisha yake yote kila sokwe aliyemwona, kwenye kalenda, kwenye sinema, kwenye simu za vijana siku hizi, alikuwa mtoto, tena karibu na binadamu, mara nyingine amevaa kaptula. Wapo watafiti waliolipima jambo hili. Mwaka 2011 walichapisha matokeo yao: walioonyeshwa picha ya sokwe akiwa karibu na mtu walikuwa wepesi zaidi kuamini kwamba sokwe hufaa kufugwa, na kwamba porini bado wako wengi, kuliko walioonyeshwa picha ya sokwe peke yake. Picha haikusema neno, lakini ilifundisha. Sisi walimu tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo, maana ukuta wa darasa hufundisha hata mwalimu akiwa ametoka.

Wale watoto wa sokwe wanaonunuliwa huishia wapi? Wenye bahati hufikishwa mahali pa kulelewa. Kule Laikipia, Kenya, pako Sweetwaters, palipofunguliwa mwaka 1993 kwa sokwe walioletwa kutoka Bujumbura wakati Burundi ilipochafuka. Uganda wana kisiwa cha Ngamba tangu mwaka 1998. Kongo mashariki wana Lwiro tangu mwaka 2002. Ni kazi ya rehema, nami naisifu. Lakini hata huko sokwe mzima hukaa nyuma ya ua wa umeme, na wanaomtunza, wanaompenda kwelikweli, hawaingii ovyo kwake. Watu hao wamesoma vitabu vyote viwili, kwa vitabu au kwa makovu.

Zipo pia hatari ambazo hazitoki kwa mfugaji. Mwaka 2014, katika kijiji cha Kyamajaka, magharibi mwa Uganda, sokwe waliokosa msitu kwa sababu umekatwa walianza kutafuta matunda katika mashamba ya watu, na wakamuua mtoto mdogo. Na hatari huenda pande zote mbili: mwaka 1966 polio iliwalemaza na kuwaua baadhi ya sokwe wa Gombe, na mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliwaangamiza wengine kule Mahale, ambako sasa mgeni hutakiwa kuvaa barakoa. Mafua ya mtoto wako ni msiba kwa sokwe. Basi umbali ule unaomlinda mtu ndio huo huo unaomlinda mnyama.

Nirudi kwenye hukumu, maana mhakiki asiyetoa hukumu amewapotezea wasomaji wake muda. Kwa uzuri wa lugha na kwa furaha ya ugunduzi, In the Shadow of Man kinakizidi Through a Window. Kina ujana ndani yake, na ujana haurudi. Kwa ukweli, kwa ujasiri na kwa manufaa, cha pili kinakizidi cha kwanza mbali sana. Na kina sura nzima ya aibu yetu binadamu kwa namna tunavyowafunga na kuwatesa viumbe hawa, sura ambayo peke yake inatosha kuwa sababu ya kukinunua. Goodall alikuwa na haki ya kuandika cha kwanza kama alivyokiandika, kwa sababu ndicho alichokiona wakati ule. Sisi hatuna haki ya kubaki nacho peke yake, kwa sababu tumekwisha kuambiwa mengine.

Kwa walimu wenzangu wa Rukwa nina ombi dogo. Mkimtundika sokwe ukutani, mtundikeni mzima, akiwa msituni, na asiwepo mtu karibu. Watoto wakiuliza kama anang'ata, waambieni ndiyo. Wakiuliza kama ni mbaya, waambieni hapana. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyapokea majibu hayo mawili kwa pamoja bila taabu, nimewaona. Na maktaba yoyote ya chuo au shule yenye kitabu cha kwanza itafute cha pili, kisha iviweke vyote viwili katika rafu moja, vikigusana, ili anayekuja kuazima kimoja akione na kingine.